Namba Isiyo na Ndugu

Juzi pale Mamboleo, nikingoja fundi anibadilishie gurudumu, mzee mmoja alinishika mkono mbele ya watu akatangaza kwa sauti, "Huyu alikuwa namba moja wangu." Wauza miwa wakageuka kunitazama. Alikuwa amezeeka, meno ya mbele yamepungua, lakini sauti ilikuwa ileile iliyozoea kusikizwa na watoto waliosimama mistari. Nilimtazama mpaka akauachilia mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ulinipanga wa mwisho." Akacheka kana kwamba nimemtania. Niliporudi ndani ya gari nilijua kwamba hasira yangu ipo palepale nilipoiacha, nzima na yenye afya, na sitaki kudanganya kwamba nilisikitika kuikuta.

Ninyi mliofanya mtihani wa darasa la nane enzi zetu mnakumbuka jinsi namba ya mtahiniwa ilivyokuwa jambo zito. Tarakimu za mbele zilikuwa za shule, za watoto wote. Tatu za mwisho ndizo zilikuwa zako peke yako. Na kwetu, kama kwingi, hazikugawanywa kwa alfabeti. Mwalimu Mkuu alipanga watoto kwa akili: aliye bora alipewa 001, anayemfuata 002, hivyo hivyo mpaka mkia. Namba hiyo ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, ikachorwa kwa chaki kwenye dawati lako, na watu wa mtaa walikuita kwayo kabla hujaandika hata jibu moja. Mtihani ulikuwa kama kuthibitisha tu kile ambacho shule ilikuwa imeshasema.

Shule yetu ilikuwa Nyalenda, na tarakimu zake zilikuwa 512513. Mimi nilikuwa nimeongoza darasa muhula baada ya muhula, hata walionichukia walikuwa wameacha kubisha. Na 001 ya shule yetu haikuwa sifa tupu. Kulikuwa na mama mmoja mzee, nesi mstaafu, aliyekuwa akisomesha sekondari mtoto mmoja kila mwaka, na mtoto huyo alikuwa ni yule wa 001. Aliiamini orodha ya Mwalimu Mkuu. Karatasi za ufadhili zilijazwa mapema, matokeo hayajatoka, ili nafasi ya bweni isipotee. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama alikuwa anakaanga mgongo wazi kando ya njia, yaani mifupa ya samaki aitwaye mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa ikapelekwa nje, kichwa na mkia vikiwa vimeshikwa na uti wa mgongo. Nyumba yetu ilinuka mafuta hayo, nguo zangu zilinuka, na nywele pia. Bila 001 mimi ningeishia kwenye karai la mama la kukaangia, na mama alijua, na mimi nilijua, na Mwalimu Mkuu alijua kuliko sote.

Siku orodha ilipobandikwa nilianza kusoma kutoka juu. Wa kwanza alikuwa Mercy, binti wa mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mercy hakuwa mjinga, nisimsingizie, ila hakuwahi kunipita hata siku moja. Nikashuka kwa wa pili, si mimi. Wa tatu, si mimi. Nilishuka mpaka shingo ikainama, nikajikuta chini kabisa, baada ya Onyango ambaye alikuwa bado anasoma kwa kufuata kidole. 512513047. Nilidhani karatasi imebandikwa juu chini.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa ufundi wake. Angeniweka wa pili, watu wangeuliza kwa nini wa kwanza amekuwa wa pili. Kuniweka wa mwisho kabisa hakukuleta swali, kulileta hadithi: huyo mtoto lazima ana kisa. Na kisa kilikuwa tayari kwenye ulimi wa Mwalimu Mkuu mama alipofika ofisini na aproni yake ya mafuta. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Ni nidhamu, Mama Awuor," alisema. "Akili peke yake haitoshi."

"Nidhamu gani, Mwalimu? Alifanya nini?"

"Ana mdomo."

"Alimwambia nani nini?"

Mwalimu Mkuu alivua miwani akaifuta kwa tai yake, polepole, akitazama aproni ya mama. "Mama," akasema, "wewe kaanga samaki. Mimi niache nipange watoto."

Tulirudi nyumbani akiwa mbele, na nilimwona akijifuta mikono kwenye aproni njia nzima ingawa mikono ilikuwa mikavu. Siku hiyo niliapa, jinsi mtoto anavyoapa, kwa meno yaliyofumbwa, kwamba yule mtu atalipa. Sikujua atalipa kwa kitu gani wala kwa njia gani. Nilikuwa na namba tu.

Hapo ndipo ujinga wangu wa kitoto ulipoingia, na naomba mnivumilie. Tulipomzika baba kwao, Asembo Bay, nilikuwa nimeona jinsi watu wanavyoitwa. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akawa anaita makundi: watu wa upande wa mama yake, wakwe, watu wa kanisa, watu wa ziwani. Kila kundi lilisimama, likatambulishwa, likapewa chakula kwa wakati wake. Jirani yetu mmoja wa Nyalenda alikuja peke yake kutuliza mioyo yetu, na kwa sababu hakuwa wa kundi lolote alikaa mpaka jioni bila hata chai. Nililiona hilo na likanikaa kichwani. Asiye na watu wa kusimama naye hasikiki.

Sasa, tulikuwa tumefundishwa kugawanya, na vigawo vya namba kubwa. Na mtu fulani darasani alikuwa amesema kwamba karatasi zetu zinapelekwa Nairobi, huko mashine inaziita kwa namba. Mimi nikaunganisha. Niliamini kwamba mashine ikiita namba yako, inauliza: nani anamjua huyu? Na wanaosimama ni zile namba ndogo zinazoigawanya bila kubakisha kitu. Hao ndio ndugu zake. Mwenye ndugu wengi anapokelewa vizuri, asiye na ndugu anakaa mpaka jioni bila chai. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Ilinijia tu, na kwa mtoto wa kwetu ilikuwa na akili kabisa.

Basi nikaanza na namba ya Mercy, kwa sababu adui unamchunguza kwanza. Nilichukua kipande cha katoni ya mafuta ya kupikia na kaa la moto lililozimika, nikakaa nyuma ya mama akikaanga. 512513001. Nikajumlisha tarakimu zake, zikawa kumi na nane, kwa hiyo tatu ni ndugu yake. Nikagawanya kwa tatu, ikakubali. Nikagawanya jibu kwa tatu tena, ikakubali tena. Ilikubali mara tano, mfululizo, bila haya. Ikabaki 2109107. Nikajaribu saba, na hapo nikapata 301301, na nilipoiona ile mia tatu na moja imesimama mara mbili, kama pacha, nilirudia kuigawanya nikidhani nimekosea. Saba tena: 43043. Saba tena. Halafu kumi na moja. Halafu kumi na tatu. Na mwisho ikabaki arobaini na tatu yenyewe, ambayo haivunjiki, imekaa kama babu wa ukoo. Namba nzima ilikuwa imejengwa kwa watu wadogo wadogo, tatu watano, saba watatu, na wengine. Ukoo mzima ungesimama Mercy akiitwa.

Ndipo nikageukia yangu. Mbili haikuingia. Tarakimu zake zilijumlisha ishirini na nane, kwa hiyo tatu hakuwa wangu. Saba ilibakisha nne. Kumi na moja ilibakisha mbili. Kumi na tatu ilibakisha saba. Nikaendelea na namba tasa zote nilizozijua, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, siku baada ya siku baada ya shule, mpaka katoni zikaisha nikahamia ukutani. Ishirini na tatu ilibakisha ishirini na mbili, ilikosa moja tu. Thelathini na saba ilibakisha thelathini na sita. Themanini na tatu nayo ikakosa moja. Hao watatu waliniliza kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kama ndugu aliyefika mpaka mlangoni akasikia harufu ya samaki akageuka. Nilifika tisini na saba. Hakuna aliyenitambua.

Leo najua kwamba tisini na saba ilikuwa bado mwanzo wa safari. Namba ya ukubwa ule unatakiwa kuijaribu mpaka kwenye elfu ishirini na mbili na ushei kabla ya kusema ni tasa kweli. Simu yangu ingeniambia juzi ile pale Mamboleo, kabla fundi hajafunga nati ya pili. Sijawahi kuiuliza na sitaiuliza. Niligundua jambo jingine pia nilipokuwa mkubwa, kwamba namba yangu na ya Mercy hazina ndugu hata mmoja wa pamoja zaidi ya moja, ambayo ni ndugu wa kila mtu. Hilo halikunishangaza.

Mama aliukuta ukuta umejaa hesabu za makaa akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia yote, nikilia, jinsi namba yangu haina mtu na ya Mercy imejaa watu. Alisikiliza huku anageuza samaki. Nilitegemea acheke.

"Kwa hiyo hao wote umewajaribu," alisema.

"Wote ninaowajua."

"Na hakuna aliyeweza kukukata."

"Hakuna, Mama."

"Basi nyathina," akasema, na aliponiita mwanangu kwa Kijaluo nilijua hana mzaha, "Mwalimu Mkuu naye asikuweze. Oga ulale."

Kauli hiyo ilinigeuza. Nilikuwa naogopa, nikaacha kuogopa, nikabaki na hasira peke yake, safi, isiyochanganywa na kitu. Siku za mtihani tulikaa kwa mpangilio wa namba. Mercy alikaa mbele, karibu na dirisha lenye upepo. Mimi nilikaa mkiani, mlango wa nyuma ukiwa wazi, vyoo vikiwa hatua chache kutoka kwenye pua yangu na nzi wakitua kwenye karatasi. Kila swali nililijibu kwa ajili ya Mwalimu Mkuu. Nilipomaliza hesabu nilirudi mwanzo nikazifanya tena, si kwa kutafuta makosa bali kwa raha ya kuzifanya mara mbili. Watu husema hasira inaharibu kichwa. Yangu ilikinoa.

Matokeo yalipotoka, unatuma namba kwa simu na simu inarudisha alama. Shule ilikuwa imeshaanza sherehe asubuhi bila kungoja, Mercy amebebwa juu juu na shada la maua shingoni, kwa sababu 001 alijulikana tangu zamani. Mimi nilituma namba yangu kwa simu ya mama. Halafu, kwa kuwa namba ya mtu mwingine haikuwa siri, nikatuma ya Mercy. Nilikuwa nimempita kwa alama sabini na kitu. Nikatuma ya wa pili na ya wa tatu pia, nikacheka peke yangu chooni mpaka jirani akagonga kuuliza kama niko salama.

Habari ilifika shuleni kabla ya adhuhuri. Wakaja. Kwanza tulisikia nyimbo, kisha tukaona matawi, walimu na watoto wakishuka njia ya kwetu, Mwalimu Mkuu mbele katika koti la kijivu, mwenyekiti kando yake, na Mercy nyuma yao na shada lake, kwa sababu hakuna aliyemwambia alivue. Gari la yule mama mfadhili lilikuwa limesimama barabarani na mpiga picha wa gazeti alikuwa njiani. Mwalimu Mkuu alifika kwenye karai akitabasamu akamwinamia mama kwa sauti ya chini.

"Mama Awuor, mpe mtoto sare. Aje apigwe picha na shule, aseme asante. Nafasi tutamtafutia."

Mama hakuinua macho. "Karibu, Mwalimu. Laini inaanzia kule."

Kulikuwa na wateja, ilikuwa saa ya chakula. Mwalimu Mkuu alicheka. Mama hakucheka. Mtu mmoja wa bodaboda akasema kwa upole, "Mwalimu, sisi wote tuna njaa." Na Mwalimu Mkuu, ambaye hakutaka mfadhili aone vurugu, alienda akasimama nyuma ya mtoto aliyetumwa na sahani. Nyimbo zikafa moja moja. Matawi yakaanza kulegea kwa jua. Mama alikaanga polepole siku hiyo kuliko siku zote za maisha yake, akigeuza kila mgongo mara mbili, na mimi nilisimama kando yake nikimtazama yule mtu akisogea hatua kwa hatua. Nikisema ilikuwa tamu nitakuwa nimepunguza.

Yule mama mfadhili alichoka kungoja garini akaja kwa miguu, akishikilia mkoba kifuani. Aliniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Awuor?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbona kwenye orodha niliyopewa wewe ni wa mwisho?"

"Ni karani, Mama," Mwalimu Mkuu akaitikia kutoka kwenye laini. "Karani alikosea kuchapa."

Aliniangalia aliposema hivyo, na nilielewa vizuri kabisa. Nikiitikia kwa kichwa, nafasi itapatikana mahali. Nikikataa, karai liko hapo linachemka. Mama alikuwa ameacha kugeuza samaki.

"Si karani," nilisema. "Ni yeye. Alimwambia mama akaange samaki, yeye apange watoto."

Mfadhili akamgeukia. "Ni kweli, Mwalimu?"

"Mtoto amechanganyikiwa kwa furaha. Na hiyo ndiyo nidhamu niliyokuwa naiona, Mama."

"Ana mdomo, huyu," mwenyekiti akaongeza. "Shule nzima inajua."

Yule mama alirekebisha mkoba wake, akaangalia upande wa gari. Watu wazima wawili wenye makoti walikuwa wamesema, na upande wangu alikuwa mkaanga samaki na mtoto wake. Niliona nafasi yangu inaondoka na viatu vyake, na sikuwa na mtu mwingine wa kumwita.

"Ni baba."

Alikuwa Mercy. Alisema bila kupaza sauti, akitazama maua ya shada lake. "Baba alienda ofisini. Mimi nilikuwa pale nje. Alisema mimi niwe wa kwanza, na Awuor asiwe wa pili kwa sababu wa pili ataulizwa."

Baba yake alimshika mkono akamvuta, shada likakatika, maua yakamwagika kwenye vumbi. Mercy hakunitazama. Aliburutwa kupanda ile njia, mkono mmoja juu, na kwa muda mrefu tulisikia sauti ya baba yake tu. Mfadhili aliniuliza jina langu kamili. Na laini ikasogea, kwa sababu watu walikuwa bado na njaa, mpaka Mwalimu Mkuu akafika mbele. Mama akamwuliza anataka ngapi. Alisema mmoja. Akamfungia kwenye gazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na mtu yule akapanda barabara akiwa amebeba mfupa wa samaki mbele ya shule yake yote.

Nilienda sekondari. Mercy alipelekwa shule nyingine, ya baba yake kulipia, na sikumwona tena. Mwalimu Mkuu hakufukuzwa wala hakuhamishwa, alipanga watoto mpaka akastaafu, na yeye nitaendelea kumchukia bila shida yoyote mpaka mmoja wetu azikwe. Mercy ndiye anayeninyima usingizi. Nilikuwa nimemwekea kisasi kikubwa kuliko cha wote, nimekilisha na kukinywesha miezi ile yote ya makaa na katoni, na siku ambayo kilikuwa kimeiva alikuja akaninyang'anya, kwa maneno machache, na kwa maneno hayo akaburutwa na baba yake. Sijui nimlipe nini. Hilo ndilo siwezi kumsamehe.